Farasi Aliyelemaa kwa Kukosa Mzigo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mzee mfupi aliyejifunga aproni ya ngozi amesimama kando ya ukuta wa maghala, Mchafukoge, amefumba macho. Anayepita anaweza kudhani amesinzia. Hajasinzia. Anasikiliza.

"Mtembeze tena," anamwambia mlinzi wa lango. "Taratibu. Usimkokote kama mbuzi wa Idi."

Mlinzi anamwongoza farasi jike mwekundu kutoka bombani hadi langoni. Juu ya sakafu ya saruji viatu vya chuma vinalia: ko, ko, ko. Halafu kimya. Ko, ko, ko. Halafu kimya.

Mzee anafumbua macho.

"Umesikia mwenyewe," anasema. "Miguu minne, milio mitatu. Wa mbele wa kushoto hausemi kitu. Anauweka chini kama mtu anayekanyaga kaa la moto."

Mzee huyo ni Bakili Mtalika, mzaliwa wa Tunduru, mkazi wa Magomeni, umri wake miaka hamsini na tisa. Watu wa maghalani wanamwita Fundi Kwato. Kazi yake ni kuchonga kwato za farasi, kuwafulia viatu vya chuma na kuwavisha. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu ndevu hazijaota, na ndiyo kazi inayomfia mikononi sasa.

Farasi anaitwa Shaba. Ndiye wa mwisho kati ya sita walioletwa hapa na shirika la umma la usafirishaji, miaka mitatu iliyopita. Jumatatu lori litakuja kumchukua. Huko anakopelekwa hakuna majani wala bomba la maji. Kuna bunduki, kisha kisu, na nyama yake watalishwa mbwa wa ulinzi.

Bakili hataki fedha, hataki cheo. Anataka farasi huyu aachwe mpaka mvua za vuli, basi. Ukwato mbovu uote, uchongwe, atembee.

"Sijaomba nyumba," anasema. "Nimeomba ukucha uachwe uote. Hata ukucha nao unataka kikao?"

Anamsogelea Shaba kwa ubavuni, si kwa mbele. Anaweka kiganja begani, anakiteremsha polepole kwenye mguu mpaka kwenye kifundo, halafu anasema neno moja tu: "Lete." Farasi anautoa mguu mwenyewe, na mzee anaubana kati ya magoti yake.

Hana haraka. Anaunusa ukwato kama mama anavyonusa maziwa kujua kama yamechacha. Anaugonga kwa kidole, anasubiri, anaugonga tena pembeni. Shaba anatetemeka mpaka mgongoni.

"Hapo," anasema Bakili kwa sauti ya chini. "Pole, mama. Ndipo hapo."

Kutoka nje ya lango inakuja sauti ya mwanamke. Ni Zamzam, muuza uji na maandazi, ambaye meza yake iko hapo hapo kwenye kivuli cha ukuta.

"Babu Bakili! Uji unapoa! Au mke mdogo hajakuruhusu kula?"

"Huyu hana mdomo kama wewe," Bakili anajibu bila kuinua kichwa. "Ndiyo maana nimemchagua."

"Hana mdomo lakini ana miguu minne! Atakukimbia, babu!"

"Angeweza kukimbia ningemfungulia lango mimi mwenyewe."

Zamzam anacheka, halafu anaacha kucheka. Kila mtu hapa anajua habari ya Jumatatu.

Ufundi huu Bakili aliupata kwa mtu mmoja aliyeitwa Sadalla, mzee wa Kibaluchi aliyekuwa akifanya kazi kwenye mabanda ya farasi ya Wazungu kabla ya uhuru. Bakili alikuja mjini kutafuta kibarua, akaajiriwa kuwa saisi, yaani mtu wa kusugua farasi na kuwapa maji. Sadalla alimwona ana subira, akamtia kwenye fuawe, kufua chuma.

"Mwaka wa kwanza hakunipa nyundo," anakumbuka. "Alinikalisha chini, akanifunga macho kwa kitambaa, akawa anawapitisha farasi. Ananiuliza, huyu ni mguu gani unamuuma? Nikikosea, sili mchana. Nilikonda, bwana wee! Lakini nikajua."

Sadalla alikuwa na maneno yake. Alisema mtu anayeanza na nyundo hajui kazi, kwa sababu chuma ndicho cha mwisho. Kwanza sikio, halafu kiganja, halafu kisu, halafu tupa ya kusugulia. Nyundo inakuja wakati kila kitu kimeshasemwa.

Uhuru ulipokuja, Wazungu wakapungua na farasi wakapungua. Sadalla akafa. Bakili akabaki anatengeneza majembe na bawaba za milango katika mtaa wa Gerezani, mpaka siku watu wa shirika walipomfuata.

Wakati huo malori yalikuwa yamelala kwa kukosa mafuta. Mkubwa mmoja, katika kikao fulani, akasema kwamba babu zetu hawakuhitaji dizeli. Kwa maneno hayo shirika likachukua farasi sita kutoka shamba moja lililotaifishwa huko Kaskazini, likawashusha kwa treni, likatengenezesha mikokoteni ili wabebe mizigo kutoka stesheni hadi maduka ya Kariakoo. Picha zikapigwa. Mkubwa akapanda juu ya mkokoteni, akapunga mkono.

"Siku ile nililia," anasema Bakili. "Nilidhani kazi ya Sadalla imefufuka."

Haikufufuka. Ilitolewa kaburini ipigwe picha, ikarudishwa.

Kisa chenyewe mtu akikisimulia Kariakoo, wasikilizaji humwambia anatia chumvi. Matairi ya malori yalikuwa adimu kuliko dhahabu. Kwa hiyo pale shirikani pakawekwa sheria: dereva hapewi tairi jipya mpaka arudishe stoo lile la zamani likiwa kipara. Kwa tairi, sheria nzuri, inazuia wizi. Basi farasi walipoingizwa katika orodha ya vyombo vya usafiri, sheria ikawafuata. Kiatu kipya cha farasi hakitoki, na misumari yake haitoki, mpaka kile cha zamani kirudi kimelika.

Na kingelika vipi? Sukari hakuna. Sabuni hakuna. Khanga mpaka umjue mtu. Wenye maduka wa Kariakoo wanakaa mbele ya rafu tupu wanajipepea. Hakuna cha kubeba, mikokoteni ikakaa, farasi wakakaa. Chuma kikabaki kinang'aa kama kilivyotoka motoni.

"Lakini ukwato haujui kwamba nchi haina mzigo," anasema Bakili. "Wenyewe unaota tu. Lori ukilisimamisha mwaka mzima, tairi ni lile lile. Farasi ukimsimamisha miezi miwili, kiatu kimeshakuwa cha mtu mwingine."

Anaonyesha kwa kidole. Ukwato umekwenda mbele na kukivuta kiatu. Chuma kilichotakiwa kukaa ukingoni kimeingia ndani, kimekalia kisigino. Juu yake pamevimba, na ukibonyeza pana moto. Hivyo ndivyo farasi wa mjini wanavyolemazwa na viatu vipya, wamesimama, hawajabeba hata kilo ya chumvi.

Wawili kati ya wale sita walikufa kwa malale. Watatu walilemaa kama Shaba anavyolemaa.

Wawili wakachinjwa. Kwa yule wa tatu, wa kijivu, Bakili hakuvumilia. Alimvua viatu bila ruhusa, akamwacha peku, akamwambia mlinzi amtembeze kwenye mchanga ulioko nyuma ya ukuta. Farasi akaanza kupona. Mkaguzi akaja, akatazama chini, akaandika: chombo hakina viatu, hakifai barabarani. Farasi akauzwa kama chombo kibovu, akaenda kusikojulikana. Bakili akaitwa kwenye kamati ya nidhamu, akapewa onyo la mwisho kwa kuharibu mali ya umma.

"Walikuwa watu saba mezani," anasema. "Niliwauliza, kati yenu nani amewahi kumshika farasi mguu? Mwenyekiti akaniambia, ndugu, hapa hatujadili miguu."

Tangu hapo ameomba ruhusa kwa mdomo, ameomba kwa kuandikiwa, ameomba kwa kusimama mlangoni kofia mkononi. Miezi minne sasa kwa ajili ya Shaba peke yake. Wakubwa wenyewe hawajawahi kufika uani, wanaogopa harufu. Kwenye karamu harufu ya nyama haiwasumbui.

Mshahara wake ni shilingi mia sita kwa mwezi. Siku za foleni ndefu ya unga wa njano, huja kazini hajala, na kama si uji wa Zamzam angeanguka kwenye fuawe. Nyumbani Magomeni anakaa peke yake katika chumba cha uani. Mkewe, Mboni, alifariki mwaka juzi.

Habari ya Mboni haisimulii mpaka aulizwe, na akiulizwa anaisema kwa haraka, kama mtu anayeng'oa msumari.

"Daktari aliandika dawa. Dirishani wakasema haipo, kanunue. Nikazunguka Kariakoo nzima na kile kikaratasi, mkono ulitoa jasho mpaka wino ukafutika. Siku ya tatu nikamwona mtu anaiuza chini ya meza. Nikarudi mbio. Nikakuta wamemfunika shuka." Anafuta kisu kwenye aproni. "Redioni jioni ile walikuwa wanatuambia tufunge mkanda. Nilijitazama kiuno. Nimeshaufunga mpaka tundu la mwisho, mwanangu. Wao wanaufunga wapi?"

Anarudi kwa Shaba. Anamkwaruza nyuma ya sikio, mahali anapopapenda.

Saa tatu anakuja mtunza stoo, Elieshi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Anatembea kama mtu aliyetumwa jambo asilolipenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sema tu. Uso wako umeshatangulia kusema."

"Nimeambiwa viatu vya farasi virudi stoo kabla ya Jumatatu. Vyote vinne. Farasi anafutwa, lakini viatu ni vizima."

Bakili anamtazama. Halafu anaanza kucheka. Anacheka mpaka anakaa chini juu ya ndoo, mpaka machozi yanamtoka, na ni vigumu kujua ni machozi ya nini.

"Miezi minne," anasema hatimaye. "Miezi minne nimeomba kuvivua viatu hivi. Mkanikatalia, mali ya umma. Leo mnakuja mbio nivivue, mali ya umma."

"Si mimi niliyekuwa nakukatalia, mzee. Ni amri."

"Najua. Hapa hakuna mtu aliyewahi kunikatalia. Nimekataliwa na amri tu. Mimi amri sijawahi kukutana nayo, ningeitemea mate."

Elieshi anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya khanga, anaivaa tena. Lakini haondoki. Anasimama pale kutazama.

Bakili anafanya kazi yake. Anakunjua zile ncha za misumari zilizopindwa upande wa nje, moja moja, ili zisichane ukwato zikitoka. Anakamata kisigino cha kiatu kwa koleo, anakitikisa kidogo, upande huu, upande ule, havuti kwa nguvu. Miguu ya nyuma inakuwa myepesi. Wa mbele wa kulia unatoa chuma kama mtoto anayetoa jino bovu. Wa kushoto anauacha wa mwisho.

Kiatu kinapoachia, Shaba anatoa pumzi ndefu puani. Chini ya kisigino pana doa jeusi. Bakili anachukua kisu chembamba, anachonga kidogo kama mtu anayemenya tunda, na usaha mweusi unachuruzika hadi kwenye saruji. Elieshi anaziba pua kwa khanga.

"Zamzam!" anaita mzee. "Leta zile pumba! Na maji moto!"

Zamzam anakuja na sufuria yake mwenyewe, ile ya uji. Pumba za mahindi siku hizi watu wanazipika wakala, lakini yeye alikuwa ameficha kiasi kwa ajili hii. Bakili anachanganya na chumvi, anajaza kwenye kipande cha gunia, anaufunga ukwato kama mguu wa majeruhi wa vita.

"Sasa tumwache," anasema. "Kila mtu anyamaze."

Wanasubiri. Zamzam anarudi kwenye meza yake, anauza maandazi mawili, anakuja tena. Elieshi ameketi juu ya gurudumu bovu na viatu vinne mapajani. Baada ya muda Shaba anauteremsha mguu wa kushoto. Anaugusisha chini. Anauondoa. Anauteremsha tena, na safari hii anaulalia uzito.

Bakili anatoka kwa mwendo wa haraka kwenda ofisini, aproni kiunoni vilevile, na anarudi na ofisa usafirishaji, Isidori, kijana wa kutoka Moshi mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Fumba macho, baba," Bakili anamwambia.

"Mzee Bakili, nina kazi mezani."

"Fumba. Hujawahi kunipa dakika, leo nipe."

Isidori anafumba macho. Mlinzi anamtembeza Shaba. Peku, kwato hazilii ko ko tena. Zinatoa mlio mzito, laini, kama mchi kwenye kinu chenye unga. Mmoja, wa pili, wa tatu. Na wa nne. Hafifu, umechelewa kidogo, lakini upo.

Ofisa anafumbua macho. Anamtazama farasi, anatazama gunia mguuni.

"Nimesikia," anasema.

"Basi mwache mpaka vuli. Ukwato mzima unataka karibu mwaka, mimi siombi mwaka. Mpaka vuli nitakuwa nimekata ile sehemu mbovu. Atavuta mkokoteni."

"Mkokoteni wa kubeba nini, mzee?"

Ndilo swali ambalo hakuna mtu pale shirikani aliyekuwa amelisema kwa sauti.

"Unadhani mimi napenda?" Isidori anaendelea, na sauti yake imeshuka. "Lakini karatasi imeshapanda juu. Bwana mifugo ametia sahihi, mhasibu ametia sahihi, mkubwa ametia sahihi."

"Ishushe."

"Haishuki. Mimi nipo hapa mwaka wa tano, sijaona karatasi iliyoshuka."

"Basi mwandikie mkubwa nyingine. Mwambie farasi ametembea."

"Nikimwambia ametembea, ataniuliza nani alisema amelemaa. Aliyesema ni mimi." Isidori anajifuta jasho. "Nina watoto, mzee wangu. Nisamehe."

Anaondoka. Elieshi naye anaondoka, viatu vinagongana mkononi mwake njia nzima mpaka stoo. Vitaandikwa vimepokewa, vinne, vizima. Vitakaa rafuni. Farasi wa kuvivaa hatakuwepo.

Bakili anakaa juu ya ndoo yake. Kwa muda mrefu anaitazama mikono yake, ambayo ina makovu ya cheche hadi kwenye viwiko. Hana mwanafunzi. Vijana wawili waliwahi kujaribu, wakamuuliza kazi hii ina chai kiasi gani, wakaenda kulangua sigara. Siku Shaba akiondoka, shirika halitakuwa na haja ya fundi wa kwato, na ameshaambiwa hivyo.

"Kule Tunduru hawana farasi," anasema. "Hapa hawana farasi. Sadalla alinifundisha kitu ambacho hakina pa kwenda. Wakati mwingine najiuliza, alinipenda au alinichukia?"

Zamzam amemletea uji. Hatanii tena. Anauweka karibu na miguu yake na kusema, "Kunywa, babu, jamani. Kunywa kidogo."

Saa sita kasoro anapita Tarsis, dereva wa lori lililopangiwa safari ya Jumatatu. Amekuja kutafuta andazi. Zamzam anamnyima mpaka aseme ataleta lori saa ngapi.

"Lori?" anasema Tarsis. "Lori lipi? Lile halina betri, dada. Jana wameing'oa, wameipeleka kwenye gari la mkubwa, ya kwake imekufa. Na mkubwa ameshaondoka nayo, yuko mikoani, anakagua."

Bakili anainua kichwa.

"Anarudi lini?"

"Nani ajuaye? Wiki. Wiki mbili. Akikaribishwa vizuri, mwezi."

"Na betri nyingine?"

"Mzee, betri!" Tarsis anacheka kwa uchungu. "Labda uizae."

Mzee anasimama. Anamimina uji nusu kikombe, anakunywa wima. Kisha anaanza kupanga kwa sauti, akihesabu kwa vidole vyenye masizi. Pumba abadilishe asubuhi na jioni. Kesho kutwa afungue gunia, apitishe tupa kwenye ncha ya ukwato, kidogo tu. Wiki ikipita, mlinzi amtembeze kwenye mchanga nyuma ya ukuta wakati ofisi zimefungwa. Ikipita ya pili, apunguze kisigino. Hata kama karatasi haishuki, kila siku lori linapolala ni siku ukwato unapoota, na hilo hakuna mkubwa anayeweza kulizuia kwa sahihi.

"Miaka yote hii sijawahi kumwombea mkubwa hata mmoja," anasema Bakili, akichutama tena kuushika mguu wa farasi. "Leo Ijumaa, nikitoka hapa naingia msikitini. Huyu namwombea safari. Wamkaribishe. Wamchinjie. Wamchezee ngoma kila kijiji, Mungu awazidishie vijiji."